Njooni na Jani Mkononi

Mimi ni afisa tabibu katika Halmashauri ya Wilaya ya Singida, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanyia Ilongero na vijiji vinavyoizunguka. Watu huniita daktari, nami siwasahihishi, maana anayegonga mlango usiku wa manane akiwa amebeba mtoto anayetetemeka hana haja ya somo la vyeo. Nataka kusema juu ya sumu za mimea: majani, mizizi, mbegu na utomvu ambavyo katika nchi yetu hii kavu viko uani, shambani, zizini na porini. Nimewatibu walioila bila kujua, walionyweshwa kwa nia njema, walionyweshwa kwa nia mbaya, na walioitafuta wenyewe. Ukali wa mimea hiyo naujua na ninauheshimu. Kinachonikosesha usingizi ni kimya cha wanaomleta mgonjwa.

Nauliza, "Amekula nini?" Najibiwa, "Hajala kitu, daktari. Kaanguka tu." Nauliza tena, "Kuna dawa yoyote amekunywa?" Ndugu wanatazamana, mmoja anageukia mlango. "Hapana." Baadaye, mgonjwa akiwa amezidiwa, mmoja wao ananivuta nyuma ya jengo na kuninong'oneza jambo ambalo lingenisaidia tangu walipoingia. Kwa ugonjwa mwingine ningesubiri. Kwa sumu, saa moja inatosha kumtenga aliyepona na aliyezikwa.

Nieleze kwa mmea mmoja, mnanaha, ambao wanasayansi huuita Datura stramonium. Haupandwi na mtu. Unapenda udongo wenye samadi, kwa hiyo utaukuta kandokando ya mazizi, majalalani, nyuma ya vyoo vya shule na katikati ya mtama na uwele. Majani yake ni mapana, yana harufu nzito. Ua lake ni jeupe, refu, lenye mdomo uliofunguka. Tunda lake limejaa miiba, na likikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyingi, bapa, nyeusi. Ng'ombe na mbuzi huupita. Watoto hawaupiti. Atropini na skopolamini zimeenea mmea mzima, mbegu zikiwa ndizo za kuogopwa zaidi kwa sababu hubebeka na huchanganyika na nafaka.

Aliyekula mbegu hizo hukauka kinywa hadi ulimi ukashikamana na kaakaa. Ngozi huwa nyekundu na ya moto, moyo hukimbia, mkojo hugoma kutoka huku kibofu kimejaa. Mboni za macho hupanuka mpaka rangi ya jicho ikabaki ukingo mwembamba. Kisha akili huondoka. Mgonjwa huongea na watu wasiokuwepo, huokota vitu hewani, huchambua nyuzi za shuka, hutaka kukimbia, hupigana na mama yake mzazi asimtambue. Vijana wanaosikia kwamba mmea huu "unapandisha" na kutaka kuujaribu, au kutia mbegu zake katika mtukuru ili pombe ikolee, sikilizeni: hakuna starehe humo. Wengi nilioshuhudia wakirudiwa na fahamu hawakukumbuka chochote isipokuwa hofu.

Sasa mweke pembeni yake mkulima aliyevuta hewa ya dawa ya kuulia wadudu akinyunyizia vitunguu, au aliyeinywa. Naye huletwa amechanganyikiwa, hajui alipo. Lakini mboni zake zimesinyaa hadi kuwa vitone, mate yanamtiririka, jasho linamtoka, kifua kinakoroma kwa majimaji. Dawa ya kumwokoa huyu ni atropini, ileile iliyomo ndani ya mnanaha, ambayo sisi tunayo kabatini katika vichupa vidogo vya kioo. Mgonjwa wa dawa ya wadudu huihitaji haraka na kwa wingi. Mgonjwa wa mnanaha tayari amejazwa nayo kupita kiasi, na kumwongezea ni kummaliza. Hebu fikiri wote wawili wameletwa usiku, umeme umekatika, ninatumia tochi ya simu, na ndugu wa kila mmoja wanasema maneno yaleyale: kaanguka tu.

Ndiyo maana jicho ndilo ninaloanza nalo. Jicho halifichi. Hata hivyo jicho peke yake halitoshi. Mtoto mwenye malaria kali huweweseka pia na mwili wake huwa wa moto. Kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha mistari miwili, ni rahisi mno kuridhika na malaria na kusahau kwamba mtoto wa Singida anaweza kuwa na vimelea damuni na mbegu za mnanaha tumboni siku hiyohiyo.

Nakumbuka kipindi kimoja cha mavuno familia nzima iliponiletea balaa la namna hiyo. Waliokula ugali wa jioni ndio waliochanganyikiwa. Bibi mmoja aliyekuwa kitandani kwa homa, ambaye hakula, alikuwa mzima wa akili. Mzee wa ukoo aliyewasindikiza alinishika mkono akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hawa wamechezewa. Wape cha kuwatuliza, tuwarudishe nyumbani, kuna mtu tunakwenda kumwona." Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Nitawatuliza. Lakini naomba kitu kimoja: tuma kijana alete unga uliobaki, na kama uwele haujaisha, alete na uwele." Alikuwa na kila sababu ya kukataa. Hakukataa. Uwele ulipofika tuliumwaga kwenye ungo, tukawa tunautandaza kwa vidole chini ya taa, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mbegu za mnanaha zilikuwa humo, nyeusi kati ya punje za kijivu. Walipura nafaka kwenye uwanja uliokuwa umezungukwa na mmea huo. Mzee alizitazama muda mrefu, kisha akaamuru unga wote uliobaki nyumbani umwagwe shimoni, hata kuku wasipewe. Wagonjwa tuliwatunza kwa maji ya dripu, dawa ya kuwatuliza, mpira wa mkojo kwa walioshindwa kukojoa, na chumba chenye giza kidogo na sauti ndogo. Walipona wote.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1991 daktari H. T. Rwiza aliandika katika jarida la kitabibu juu ya mlipuko wa sumu ya mnanaha katika chakula uliofikishwa kwenye hospitali ya serikali ya Usangi, Upareni. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, uji wa lishe uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulikutwa na kemikali hizohizo za jamii ya mnanaha. Karibu watu 300 waliugua na watano waliripotiwa kufa, kwa uji uliokusudiwa kuwasaidia waliokuwa dhaifu tayari. Shirika lilisimamisha ugawaji wake. Ikiwa mbegu hizi zinaweza kupenya mashine na vipimo vya kiwanda, zitashindwaje kupenya ungo wa mama aliyechoka, anayepepeta jua likizama?

Narudi kwenye kimya, maana kina sababu zake, na sababu hizo ni za watu wenye akili timamu.

Ya kwanza ni hofu ya uchawi. Singida ina kumbukumbu nzito ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 mkoa huu ulitikiswa na mauaji yaliyohusishwa na "watu-simba". Ilisemekana kuna watu waliotumwa na wachawi kuua wakiwa wamevishwa ngozi za simba, na serikali ya kikoloni iliwashtaki watu na kuwanyonga. Wazee wetu walikua wakisikia habari hizo. Kwa hiyo mtu akianza kusema asiyoyajua, macho yamemtoka, anakimbia uchi, hakuna anayewaza mbegu. Wanawaza ni nani. Na aliyewaza ni nani hataki kuniambia amekula nini, kwa kuwa akitaja chakula atakuwa amemtaja aliyepika. Aliyepika mara nyingi ni mke aliyetoka ukoo mwingine. Nimeona mwanamke akiwa amekaa peke yake kwenye benchi la nje, hakuna anayemsogelea, wakati mume wake amelala ndani, na kosa lake lote ni kusonga ugali wa nafaka aliyoikuta kihengeni.

Ya pili ni PF3, ile fomu ya polisi. Mgonjwa wa sumu ni jambo la polisi, na watu wanajua hivyo. Wanajua pia kwamba kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Basi mama ambaye binti yake amekunywa kitu kwa uchungu wa moyo anachagua kusema "tumbo lilimsokota" ili mtoto asitoke hospitali akapelekwa kituoni. Namwelewa mama huyo. Sitamlaumu. Ila ninamwambia kila mara, na ninarudia hapa: kazi yangu ya kwanza ni pumzi ya binti yako. Karatasi zitafuata, na hata zikifuata nitakuwa upande wake. Natamani kifungu hicho kiondolewe. Mtu aliyefikia kutafuta kufa anahitaji kutibiwa na kusikilizwa, na sheria inayomfanya afiche alichokunywa inamsogeza karibu zaidi na kaburi.

Ya tatu ni aibu ya kuonekana umekwenda kwa mganga kabla ya kuja kwetu. Hii tumeisababisha sisi watumishi wa afya. Tumewafokea watu mno. Mama anafika na mtoto mwenye chale kifuani, na kabla hajasalimiwa anaulizwa, "Nani kakwambia umpeleke huko?" Mama huyo hatasema tena. Safari ijayo atamwogesha mtoto kwanza, afute kila alama, ndipo aje. Anafika amechelewa na hana habari ya kunipa.

Mahali ambapo kimya hiki kinaniuma kuliko pote ni wodi ya wazazi. Zipo dawa za mitishamba za kuongeza uchungu. Hupewa mwanamke anapoanza kuumwa, mara nyingi katika uji au chai, na anayempa ni mtu anayempenda: mama mkwe, shangazi, bibi. Nyingine zina nguvu za kweli. Huukaza mfuko wa uzazi bila kupumzika. Mtoto tumboni hukosa hewa kati ya uchungu mmoja na mwingine, na kwa mwanamke aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kupasuliwa, mfuko unaweza kuchanika. Sisi nasi tuna oksitosini, tunayoihesabu matone. Mkunga asiyejua kwamba mwanamke amekwisha kunywa dawa ya nyumbani akiweka oksitosini juu yake, nguvu mbili zinakutana katika mfuko mmoja.

Mwanamke mwenyewe hawezi kusema mbele ya mama mkwe wake. Kwa hiyo nilijifunza kutoka kwa mkunga mmoja mtu mzima, aliyekuwa na busara kuliko vitabu vyangu vyote, kumwendea bibi kwanza. Hakumfokea. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo bibi. Umetulelea mjukuu vizuri mpaka amefika. Sasa nisaidie kazi, nijue nguvu ulizompa ili na mimi nisizidishe." Bibi aliyeheshimiwa hivyo husema. Husema jina la mti, husema alichemsha mizizi au majani, husema ni kikombe kimoja au viwili. Hapo mkunga anajua asimwekee oksitosini, asikilize mapigo ya moyo wa mtoto mara kwa mara, na gari la wagonjwa liitwe mapema. Nimeona wanawake waliookolewa kwa goti lile.

Kuhusu waganga, nitasema ninachoamini. Miongoni mwao wamo matapeli, na wamo watu wanaoijua mimea kwa undani ambao hakuna chuo kilichonifundisha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua, na wanapaswa kusajiliwa na Baraza lao. Msitu wa Mgori, uliotunzwa na vijiji vinavyouzunguka, ni duka la dawa la watu wengi wa huku. Katika wilaya jirani ya Mkalama wapo Wahadzabe, ambao hutengeneza sumu ya mishale kutokana na utomvu wa mmea wenye shina nene na maua ya waridi ambao wanasayansi huuita Adenium na ambao siku hizi unauzwa kwenye vyungu kupamba vibaraza vya mjini, na kutokana na mmea mwingine wa jamii ya Strophanthus. Sumu hizo husimamisha moyo. Wanaozitumia wanajua zichemshwe muda gani, zipakwe wapi na zihifadhiwe vipi watoto wasizifikie. Anayenunua chungu cha mapambo mjini kwa kawaida hajui hata kimoja.

Na dunia ilijifunza kutoka kwa mishale hiyo. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar wakati soko la watumwa likifungwa mwaka 1873, alikuwa katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi. Mswaki wake uliguswa na sumu ya mishale ya Strophanthus aliyokuwa amehifadhi, naye alipopiga mswaki akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, ikatoka strofantini, dawa ya moyo iliyotumika kwa miaka mingi. Mwanzo wake ulikuwa maarifa ya wawindaji wa Kiafrika.

Lakini mjuzi na mwigaji ni watu wawili. Mwaka 2011, Mchungaji Ambilikile Mwasapile alipokuwa akitoa kikombe chake cha dawa kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi, na wa kwetu walikwenda pia. Mti ambao dawa ile ilihusishwa nao ni wa kundi la mtandamboo, ambao kisayansi huitwa Carissa. Mtandamboo una ndugu mmoja wa karibu, Acokanthera, ambao ni mti wa sumu ya mishale. Miti hiyo miwili ina maua meupe yenye harufu nzuri, matunda yanayoiva kwa rangi ya zambarau iliyokoza, na utomvu wa maziwa. Mtandamboo una miiba. Mwenzake hana. Mganga aliyefundwa na baba yake analijua hilo gizani kwa kupapasa. Kijana anayechimba mizizi ili auze kwenye mnada huenda asilijue, na mizizi ikishakatwakatwa na kufungwa kwenye karatasi, hakuna mwiba wa kuuangalia tena.

Kwa sababu hiyo nimejenga urafiki na waganga wawili watatu wa huku. Mmoja wao, mzee, hunitumia ujumbe akimwelekeza mgonjwa kwangu, na hueleza alichompa. Hajawahi kunidanganya. Wenzangu wengine hawaupendi uhusiano huo. Mimi naona umeokoa watu, na nitaendelea nao.

Kuna sumu nyingine za huku ambazo hazina siri wala mganga, na bado zinaua kwa kutojulikana. Mtama ni chakula chetu, lakini mtama mchanga, hasa machipukizi yanayotoka kwenye visiki baada ya ukame pale mvua ya kwanza inaponyesha, una sianidi ya kuangusha ng'ombe kwa muda mfupi. Mnyama huhema kwa shida, huyumba, huanguka, na damu yake huwa nyekundu ya kung'aa. Nimeona mfugaji akipoteza mifugo kwa njia hiyo na jirani mwenye shamba akituhumiwa kutega sumu, ugomvi ukafika baraza la kata. Machipukizi ya mtama yasilishwe mpaka yafike walau sentimita 60, na ng'ombe wenye njaa kali wasiachiwe humo hata kama yamefika.

Mihogo michungu nayo ina sianidi, na hapa ndipo ukame wetu unaponitia hofu. Mwaka wa njaa, mtama ukishindwa, muhogo ndio unaobaki, na mwenye njaa hana subira ya kuloweka na kuanika siku kadhaa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa ambao ulikwisha kuandikwa Kongo mwaka 1938. Mtu analala mzima, na kesho yake miguu yote miwili imekakamaa, asiweze tena kutembea sawasawa maisha yake yote. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na William Howlett na Hans Rosling, walionyesha uhusiano wake na muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Msumbiji, mwaka 1981, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika mkoa wa Nampula. Hakuna tiba ya kuirudisha miguu hiyo. Kuna kinga tu, na ni rahisi: unga wa muhogo ukishasagwa, uchanganye na maji uwe mzito, utandaze mwembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, gesi ya sumu itoke, ndipo upike siku hiyohiyo. Njia hii ilitungwa na Howard Bradbury wa Australia, na mama yeyote mwenye mkeka anaweza kuifanya. Haichukui nafasi ya kuloweka na kukausha, inaongezea.

Mnyaa wa uzio nao, jamani. Kila boma lina mnyaa, na kila mwaka watoto hukata vijiti vyake kuchezea na maziwa yake hurukia machoni. Jicho huvimba na kuuma vibaya, na kioo chake kinaweza kuunguzwa hata mtoto akapoteza kuona. Tiba inaanzia nyumbani: maji safi, mengi, robo saa nzima au zaidi, huku kope zimefunguliwa. Msitie maziwa ya mama, msitie majani, msitie kitunguu. Mbegu za mnyonyo zina risini. Mtoto akizitafuna hutapika na kuharisha damu saa kadhaa baadaye, wakati mzazi ameshasahau kwamba alikuwa akizichezea. Ndulele za manjano zinazopendeza kando ya njia zisiliwe. Ugoro wa bibi uwekwe juu, maana nikotini iliyomo humo ni nyingi kwa mtoto anayetambaa.

Bangi nitaitaja kwa ufupi kwa sababu wengine wanaisemea zaidi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inaikataza pamoja na mirungi, na adhabu zake ni kali. Ninachokiona mimi ni kijana aliyeanza mapema, akaacha shule, akaletwa kwangu akisikia sauti. Na nikimuuliza ndugu yake kama anavuta, naambiwa, "Hapana daktari, huyu karogwa." Kimya kilekile.

Lakini kimya kinaweza kuvunjwa. Mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa ugonjwa wa ini usiojulikana, 20 kati ya wagonjwa 68, jibu lilipatikana kwa kuingia majumbani na kuchukua mahindi yaliyoliwa. Yalikuwa na sumukuvu nyingi mno. Jibu lilikuwa jikoni, na lilipatikana kwa kuwa wenye nyumba walifungua vihenge vyao.

Basi ombi langu kwa anayesoma, awe Ilongero, Mtinko, Ngimu au kwingine kokote. Mtu akidhurika, usimtapishe kwa nguvu, usimnyweshe mafuta wala maziwa. Mlaze ubavu, mlete upesi. Chukua kilichobaki: jani, mzizi, mbegu, ganda, matapishi kwenye mfuko, unga kwenye kikombe, kopo la dawa ya kunyunyizia hata kama ni tupu. Kama hatukitambui, kuna ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Dodoma inayoweza kukipima. Niambie saa aliyokula. Niambie na wengine waliokula naye, nao waletwe hata kama bado hawajaumwa. Kama ni mganga, mtaje. Kama ni bibi, mtaje, sitamfokea. Kama ni wewe mwenyewe uliyempa, niambie mimi peke yangu, nje, nyuma ya jengo ikibidi. Lakini niambie ukifika, usingoje azidiwe.